TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 15: Kahawa iliyouzwa ikiwa ua



Ndugu zangu na dada zangu wa Buhembe, na nyote mnaotusoma kutoka Kashai, Rwamishenye, Kemondo, Kamachumu hadi Muleba mjini. Mfungo wa 15 leo, alhamdulillah, tumefika katikati ya mwezi. Jana niliahidi tutaendelea na adabu za itikafu. Nisameheni, itikafu tutairudia kesho inshaallah. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Ijumaa, na naona nikisubiri mpaka Idi ipite nitakuwa nimelificha.

Ijumaa baada ya swala ndugu yetu mmoja alinisubiri pale kwenye mabomba ya kutawadhia mpaka watu wakaisha. Jina lake nalihifadhi. Ameniruhusu nieleze habari yake, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili asitambulike, kwa hiyo naomba msianze kukisia kwenye magrupu. Ni fundi ujenzi, ana kishamba cha kahawa na migomba upande wa Muleba, ana watoto wanne. Akaniambia, "Shehe waitu, nina swali la funga."

Swali lenyewe lilikuwa jepesi: mtu anayemeza kidonge kila siku, tena kwa miaka, anaruhusiwa kufunga? Nikamjibu kwa haraka kama tunavyojibu tukiwa na njaa, kwamba kidonge kimoja kwa siku unakimeza usiku, baada ya futari au wakati wa daku, funga yako haina neno, ila umuulize daktari wako kwanza. Nikaanza kuondoka. Sijui kitu gani kilinifanya nigeuke nimuulize, "Dawa ya nini lakini?"

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Ya ini."

Tukakaa chini. Kumbe tangu mwezi uandame hajameza hata kimoja. Siku tisa. Na nilipomuuliza vizuri, funga haikuwa sababu, funga ilikuwa kisingizio. Tangu Januari, watoto walipokuwa wanarudi shule, alikuwa anameza leo anaacha kesho, ili kopo la mwezi mmoja lifike miezi miwili. Mwenzetu huyu anaswali safu ya pili, mnamsikia akisema amini.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe kidogo, maana wengi tunausikia kwa jina tu, "homa ya ini", na tunadhani ni mtu kuwa na macho ya njano. Virusi vya hepatitis B vinaingia kwa damu na majimaji ya mwili. Wengi barani kwetu waliambukizwa wakiwa wadogo, wakati wa kuzaliwa kutoka kwa mama, au utotoni kwa damu kugusana na kidonda. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara nyingi virusi havitoki, vinakaa. Vinakaa kimya miaka 20, miaka 30, mtu analima, anaoa, anazaa, hajisikii chochote. Kwa baadhi ya watu, taratibu ini linakakamaa, tumbo linajaa maji, au inatokea saratani. Hapo ndipo tunaanza kusema fulani karogwa.

Huyu ndugu yetu alijua kwa bahati. Miaka minne iliyopita shemeji yake alihitaji damu, akaenda kuchangia. Damu inayochangwa nchini kwetu hupimwa UKIMWI, kaswende, hepatitis B na hepatitis C. Wakamwita, wakamwambia damu yake haitumiki. Alikwenda kumsaidia mtu, akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Na hapo safari ikaanza. Kujua una virusi ni hatua ya kwanza tu, kwa sababu si kila mwenye hepatitis B anahitaji dawa. Daktari lazima ajue virusi ni vingi kiasi gani kwenye damu, ini linafanya kazi vipi, limeanza kukakamaa au bado. Hivyo ni vipimo vya aina tatu au nne, na si kila kituo kinavyo. Akatumwa Mwanza. Mnaijua safari ya Mwanza: basi alfajiri, Biharamulo, Geita, unafika jioni mwili umechoka, unatafuta pa kulala. Mara ya kwanza, hospitali aliyokwenda wakamwambia dawa za kipimo kimoja zimekwisha, arudi baada ya wiki mbili. Akarudi Bukoba. Akaenda tena. Nauli mara nne, na siku ambazo fundi hayupo kazini hakuna anayemlipa.

Safari ya kwanza iliondoka na mbuzi wawili. Ya pili ikaondoka na baiskeli. Kidonge alichoandikiwa kinaitwa tenofovir, kimoja kwa siku, kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Nasikia watu wanasema dawa hizi ni ghali mno. Nimeuliza wanaojua. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2024 linasema tenofovir isiyo ya jina la kampuni inapatikana katika soko la dunia kwa kama dola 2 na senti 40 kwa mwezi, ila nchi nyingi bado zinanunua kwa bei ya juu kuliko hiyo. Kwa hiyo kidonge chenyewe si mlima. Mlima ni vile vinavyokizunguka: nauli, vipimo vya kila miezi 6, siku za kazi zinazopotea, duka kukosa dawa ukalazimika kwenda jingine. Ugonjwa huu hauchukui ng'ombe kwa siku moja. Unachukua kuku kila wiki, mpaka banda linabaki tupu na hukumbuki kuku wa mwisho aliondoka lini.

Ripoti hiyo hiyo inasema watu wapatao milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na hepatitis B mwaka 2022. Katika kila 100, waliojua kwamba wanao ni 13 hivi. Waliopata dawa ni 3. Nilipoisoma nilifikiri ni kosa la uchapaji.

Turudi kwa ndugu yetu. Mwezi wa kumi mwaka jana aliishiwa kabisa, na siku ya kliniki ilikuwa imefika. Akauza butura.

Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa butura. Vijana waliozaliwa mjini wajue: mkahawa umetoa maua, punje bado, wewe una shida, anakuja mtu na fedha mkononi, ananunua mazao ya miti yako yale ambayo hayajakuwepo, kwa bei ya shida yako. Msimu ukifunguliwa, wenzako wanapeleka kahawa chama cha msingi, wewe unamchumia mwenye butura. Serikali imepiga marufuku mara ngapi? Na bado ipo, maana shida haijapigwa marufuku.

Sasa mimi ni mtu wa dini, nitasema la dini. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda ya mti kabla uzima wake haujaonekana, na akauliza: Allah akiyazuia matunda yale yasitoke, mtu atahalalisha vipi mali ya ndugu yake? Najua wapo watakaoniambia kuna biashara ya salam, ambayo inaruhusiwa, kulipa leo ukapokea mazao baadaye. Ni kweli, ipo. Lakini ina masharti: kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, muda unaojulikana, bei yote inalipwa palepale, na isiwe matunda ya mti huu na huu uliotajwa. Butura ya kwetu inataja miti, haitaji kilo. Si salam. Tusiipake mafuta ikang'aa.

Mnunuzi wa kahawa ya ndugu yetu ni mtu wetu. Anaswali nasi. Nilimwendea Jumapili baada ya taraweh, na nilikwenda na hasira, nikiri hivyo. Akanipokea vizuri, akaniletea kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Shehe, usiku ule alipokuja kwangu alikuwa ameshapita kwenu wote. Mimi ndiye niliyetoa pesa."

Sikuwa na jibu. Bado silioni jibu zuri. Bei aliyompa ni ya dhuluma na biashara ile haisihi, hilo limebaki palepale. Lakini ni kweli pia kwamba tulikuwa tumeshafunga milango kabla yeye hajafungua wake. Nimemwomba arudishe makubaliano yawe mkopo: alipwe kiasi alichotoa, bila ziada, kahawa ibaki kwa mwenyewe. Amesema atafikiri. Mpaka naandika hapa bado anafikiri. Muombeeni kheri, msimtafute.

Kuna jingine, na hili linanihusu mimi. Ramadhani iliyopita, katika futari ya pamoja pale msikitini, kuna aliyenong'ona kwamba yule bwana ana ugonjwa wa ini, tusile naye sinia moja. Kesho yake akawekewa sahani yake pembeni. Ndizi zake, maharage yake, kikombe chake chenye alama. Niliona. Nilijua kwa nini. Nikakaa kwenye sinia langu nikala, nikatoa mawaidha mafupi kuhusu udugu. Aliendelea kuja siku tatu, kisha akawa anafuturu kwake. Tukasema labda ana wageni.

Hepatitis B haiambukizwi kwa kula sinia moja. Haiambukizwi kwa kupeana mkono, kukumbatiana Idi, kunywa maji kikombe kimoja, kukohoa, wala kuswali bega kwa bega. Inaambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa bila kinga, kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa, na kwa vifaa vyenye ncha: sindano, wembe, mashine ya kunyolea iliyokwangua ngozi, mswaki wa mtu mwingine, kuchanja chale, kutoga masikio. Na hapa nitasema kitu ambacho baadhi yenu hamtakipenda: na kuumika. Hijama ni jambo lenye asili katika dini yetu, siipingi. Lakini mwenye kuumika watu watano kwa wembe mmoja siku ya Jumapili hafufui sunna yoyote. Wembe mpya kwa kila mtu, vikombe vilivyotakaswa, glavu mkononi. Kama mtaalamu wako hana hivyo, ondoka. Na wanaotahiri watoto majumbani pia, tunawajua, na wao wanajijua.

Nilipokuwa nafikiria sahani ile ya pembeni, mzee mmoja hapa mtaani alinikumbusha kitu. Sisi watu wa Kagera ndio tusingetakiwa kufanya hivi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu. Watu waliita "Juliana", jina la kitambaa kilichokuja na magendo. Mzee alisimulia nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu, watu waliolishwa kwa sahani za bati zilizosukumwa mlangoni kwa kijiti. Anasema wengine walikufa kwa upweke kabla ya ugonjwa. Tulijifunza, tukalia, baadaye mwaka 2004 mpango wa dawa za bure ukaanza, na leo wapo watu tunaswali nao ambao bila dawa zile tungekuwa tumeshawasahau.

Sasa sikilizeni ajabu hii. Tenofovir, kidonge cha ndugu yetu, ni mojawapo ya dawa zilizomo ndani ya kidonge kile kile cha UKIMWI kinachotolewa bure kwenye kliniki za CTC. Virusi viwili tofauti, dawa hiyo moja inavizuia vyote. Mtu mwenye UKIMWI na hepatitis B pamoja anatibiwa vyote kwa dirisha moja bila kulipia kidonge. Mwenye hepatitis B peke yake ndiye anayebaki anazunguka na karatasi mkononi. Simwonei wivu mwenye kupata, wala asifikirie kuna anayemwonea. Nasema tu njia ilishachimbwa, maji yanapita karibu, na jirani ana kiu.

Na pale alipopata nafuu ya kuchukua dawa karibu, aliambiwa apange foleni dirisha hilohilo la CTC. Alikwenda mara mbili. Mara ya pili alikutana na mama wa mtaani kwake, na jioni mkewe akaulizwa kisimani kama na yeye "ameshaanza dawa". Hakurudi. Kwa hiyo jamani, tukihesabu gharama za ugonjwa huu tusihesabu shilingi peke yake. Midomo yetu nayo ina bei, na aliyeilipa ni yeye.

Wapo watakaosema: hii ni qadari ya Allah, mtu asubiri. Ni qadari, hakuna anayebisha. Lakini masahaba walishalijadili jambo hili zamani. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa anaelekea Sham akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kwamba huko mbele kuna tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia qadari ya Allah kuelekea qadari ya Allah, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani, mwingine mkavu. Popote atakapolisha ni kwa qadari. Dawa ni majani ya upande ule. Na mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, kama alivyopokea Usama bin Sharik (r.a.), aliwaambia watafute, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila aliuwekea dawa, isipokuwa uzee. Tafuteni. Hakusema atafute mwenye fedha peke yake.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika.

Sisi hapa Buhembe mtu akifa, wallahi hatuna mpinzani. Ndani ya saa mbili turubai limesimama, sufuria zimekuja, ndizi zimemenywa, daftari la rambirambi limejaa, mpaka gari la kwenda kuzika Kamachumu limepatikana. Tetemeko la Septemba 2016 lilipotuangushia nyumba, tulikula chungu kimoja na watu tusiowajua. Kwa hiyo uwezo wa kutoa tunao. Tatizo letu ni kwamba tunatoa kwa kishindo, mara moja. Mgonjwa wa ini hahitaji kishindo. Anahitaji kitu kidogo mwezi huu, na mwezi ujao, na ule mwingine, bila turubai, bila kipaza sauti. Nilimuuliza katibu wetu aangalie daftari la mwaka mzima. Tulichangia mazishi 14. Matibabu ya mtu aliye hai, mara 2.

Allah ametaja katika Suratut Tawba, aya ya 60, makundi manane wanaostahiki zaka. Mafukara na masikini tunawakumbuka. Mle mle wametajwa wenye madeni. Mtu aliyekopa kwa ajili ya dawa na chakula cha watoto, si kwa ufisadi, na hana cha kulipia, huyo yumo kwenye aya. Kama mwaka huu unatoa zaka ya mali yako ndani ya Ramadhani, na wengi mnafanya hivyo, muulize kamati kuhusu wenye madeni ya matibabu kabla hujagawa noti za elfu elfu kwenye foleni getini kwako. Foleni ile inawaaibisha watu, na watu kama ndugu yetu hawaji kwenye foleni kamwe.

Si mwanamume peke yake. Kuna binti wa hapo Kamachumu aliyeuza hereni za mama yake agharamie safari ya kwenda Oman kufanya kazi za ndani. Kule Ghuba wanapima, na mwenye hepatitis B hukataliwa. Wakala akamrudishia pasi bila kumweleza kitu, akaambiwa tu "umefeli". Aliishi mwaka mzima akidhani ni UKIMWI, hakuthubutu kurudi kupima. Mwaka mzima! Alipopima akakuta ni hepatitis B, na daktari akamwambia bado hahitaji hata dawa, afuatiliwe tu. Nasikia mchumba aliondoka. Mwenye kutaka kuoa au kuolewa ajue: ugonjwa huu hauharamishi ndoa. Useme ukweli kabla ya nikahi, mwenzako apime, kama hana achanjwe dozi zake tatu, na mnaishi. Kuficha ndiko haramu.

Chanjo ipo, na ni nzuri. Hapa Tanzania watoto walianza kupewa chanjo ya hepatitis B katika ratiba ya kawaida mwaka 2002, leo iko ndani ya ile sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bure. Kina mama msizikose hizo. Mjamzito aombe kupimwa, kwa sababu akijulikana mapema kuna namna ya kumkinga mtoto. Sisi tuliozaliwa kabla ya mwaka huo hatukuipata utotoni, na mtu mzima kwa kawaida anailipia. Ukipima ukakuta huna virusi, chanjwa. Familia ya mwenye ugonjwa ndiyo ianze.

Hepatitis C ni nyingine, msizichanganye. Hiyo haina chanjo lakini inapona, vidonge vya wiki 8 au 12. Misri walikuwa nayo kwa wingi wa kutisha, sehemu kubwa kutokana na sindano za kutibu kichocho zilizotumika kwa mtu zaidi ya mmoja miaka ya nyuma (sisi wa ziwani kichocho tunakijua). Kati ya 2018 na 2019 wakapima karibu watu milioni 50, wakatibu bure. Ni nchi yenye masikini wengi kama sisi. Waliamua.

Nimeulizwa tangu jana maswali mengine, nayajibu kwa ufupi. Mwenye hepatitis B kufunga: wengi ambao ini lao liko imara wanaweza, lakini daktari ndiye aseme. Akisema usifunge, ruhusa ya mgonjwa iko kwenye Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, utalipa ukipona, na asiyetarajiwa kupona analisha masikini. Usijitie ushujaa mbele ya ruhusa ya Mola wako. Kutolewa damu ya kipimo mchana hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi. Kuacha kidonge ghafla ni hatari, virusi vinaweza kuamka kwa nguvu na ini likashambuliwa vibaya, kwa hiyo usiache bila daktari, hata kama unajisikia mzima. Mitishamba ya "kusafisha ini" inayouzwa sokoni, hebu tuwe makini, mingine ndiyo inayolimaliza ini lenyewe.

Na mmoja ameniuliza: akifa, tutamwosha? Nimelisoma swali hilo mara tatu. Ndiyo, tutamwosha. Kwa glavu, kwa uangalifu wa damu, kama tunavyopaswa kumwosha kila maiti. Ni haki yake juu yetu na ni faradhi ya kutosheleza. Ila mwenye swali hilo ningependa kwanza aniulize kama tutakula naye akiwa hai.

Ndugu yetu Jumatatu alikwenda kliniki. Amechukuliwa damu, ameandikiwa dawa, ameanza tena, anameza baada ya futari. Majibu ya kipimo bado, na daktari hakumficha kwamba kule kurukaruka siku kunaweza kuwa kumemdhuru. Nimemwomba msamaha kwa ile sahani. Alicheka, akasema ndizi zile zilikuwa za moto kuliko zetu.

Mambo ya leo. Kamati imekubali kuanzisha mfuko mdogo wa dawa, wa kila mwezi, si wa Ramadhani peke yake. Bahasha ziko kwa mweka hazina, andika neno "dawa" tu, usiandike jina lako wala usiulize jina la anayepewa. Hakuna orodha itakayosomwa msikitini. Mwenye uwezo wa mkopo mwema, usio na ziada, wa kukomboa kahawa zilizouzwa butura kwa sababu ya matibabu, aonane nami kabla msimu haujafunguliwa. Kwa sasa ninajua nyumba tatu. Mwenye bima ya afya aende aulize leo inalipia vipimo gani vya ini, asisubiri augue.

Kesho baada ya taraweh dada yetu muuguzi atakuwa upande wa kina mama, na kaka daktari upande wa wanaume. Maswali yaandikwe kwenye karatasi bila jina.

Na futari ya leo hapo msikitini: masinia yatakuwa manane, hakuna sahani ya pembeni. Anayeona hawezi, afuturu kwake, hatutamuuliza.

Wabillahi tawfiq. Kesho ni adabu za itikafu, safari hii kweli inshaallah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.